Sare Ambayo Sikupimwa

Ukinipa mabaki ya kitambaa nitakuambia nguo iliyoshonwa ni ya nani. Sijisifu, ni mazoea tu ya mtu aliyeishi kwa vipande. Kipande kinachotoka kwenye kwapa la mwanaume mnene ni mwezi mpana, cha mtoto ni kidogo kama ukucha, na mwanamke aliyejifungua karibuni fundi humwachia nafasi kiunoni hata kama hakuomba. Kwa ujuzi huo mdogo ndivyo nilivyojua kwamba ndugu zangu wameshanizika, wakati mimi bado niko kitandani nakunywa uji.

Leo naweza kuandika kwa sababu nimekaa, nimeshiba, na nywele zimeota, ingawa zimeota laini kama za mtoto mchanga. Nesi mmoja kule Mbeya ndiye aliyenisukuma. Aliniambia, "Dada Skola, andika bwana. Wapo wanaokuja hapa wanadhani ni wao tu walioumizwa na watu wanaowapenda." Basi naandika. Dawa inafanyaje kazi mwilini, hilo muulize daktari wako. Mimi nitasema ya benchi, ya vidole, na ya dada yangu Yustina.

Kazi yangu ni kutengeneza picha za viraka. Sista aliyenifundisha kushona kule Tosamaganga aliziita kwilti, wateja huziita mablanketi ya picha, na mama yangu mzazi, ambaye hajawahi kunibembeleza, huziita matambara ya Skola. Nachora kwa chaki kwenye shuka kuukuu, halafu naanza na vilivyo mbali. Anga kwanza, kisha vilima, mto, shamba, nyumba, maana kila kilicho karibu lazima kifunike ukingo wa kilicho nyuma yake. Watu huwa wa mwisho. Chini ya picha naweka blanketi lililochakaa, chini yake bitana, halafu napitisha sindano katika vyote vitatu mpaka vishikane. Vipande napewa na fundi Lukelo, anayeshonea barazani pale Iringa mjini, jirani na sokoni. Kila mabaki yakijaa kiroba ananipigia simu nikachukue.

Nina sheria moja tu katika kazi hii, na wateja wengine hunichukia kwa ajili yake. Mtu wa kwenye picha havishwi kitambaa chochote isipokuwa kilichokatwa kwenye nguo yake mwenyewe. Ukitaka nikuweke, niletee kipande cha gauni lako, shati lako, aproni yako. Familia moja iliwahi kuniletea kitambaa kipya cha dukani nimvishe baba yao, nikawaambia huyo siyo baba yenu, huyo ni sanamu la dukani. Wakaondoka wamenuna, wakarudi na shati.

Mwaka ule nilikuwa nimeanza picha ya mama. Tangu baba afariki mama anaishi Kalenga na mjukuu mmoja mmoja wa kupokezana, na alikuwa amelalamika kwamba hajatuona sote kwa pamoja. "Krismasi mnakuja kwa zamu kama walinzi," alisema. "Nishonee nyumba na nyie wote mbele yake, nitundike ukutani, niwaangalie bila kuwapikia." Anga nilikuwa nimeshaimaliza, na kilima, na mto. Nilikuwa naezeka bati la nyumba kwa bitana ya kijivu nilipopapasa shingo yangu na kukuta kitu.

Ilikuwa kipupwe, ile baridi ya Iringa ambayo unavaa sweta mbili na bado maji ya kunawa yanakutukana. Nikasema ni mitoki, kuna jino linanisumbua. Jino nikang'oa, mitoki ikabaki. Ikapata wenzake kwapani. Usiku nilikuwa naamka shuka limelowa kana kwamba nimelala mtoni, na sketi zikaanza kunizunguka kiunoni zenyewe. Nilizunguka nazo hivyo hospitali hadi hospitali, mpaka nikapelekwa rufaa Mbeya, wakakata kinyama kidogo shingoni wakakipeleka maabara. Nilicheka nikiwa nimelala pale. Na wao kumbe ni watu wa vipande.

Majibu yalisema saratani ya tezi.

Sitaeleza nilijisikiaje, kwa sababu sikujisikia chochote. Nilimuuliza daktari kama naweza kuendelea kushona. Akanitazama kidogo, akasema tuanze na dawa kwanza.

Dada Yustina ndiye mzaliwa wa kwanza kwetu. Ameolewa na Mnyakyusa kule Mbeya, anaishi Uyole, na ni mtu ambaye akiingia msibani hata masufuria yanajipanga. Alinichukua kwake siku ileile, akanipa chumba chenye dirisha, akamhamisha mwanawe sebuleni. Kiroba changu cha vipande na picha ya mama iliyokunjwa navyo vikaja. Baba wa binti yangu Oliva tuliachana zamani bila kelele, ana mji wake Makambako, kwa hiyo hakuna mwingine wa kuniuguza. Oliva mwenyewe alikuwa shuleni, bweni.

Dawa ya kwanza nilipewa wakati mipichesi ya Uyole ina maua. Ilikuwa nyekundu. Benchi letu pembeni ya chumba cha dripu lilikuwa na wanawake waliofunga vilemba na wanaume waliovaa kofia za sufu, kila mmoja na ndugu yake, kila ndugu na chupa ya chai. Nilikaa jirani na bibi mmoja kutoka Tukuyu, jina lake Subilaga, aliyekuwa anakuja na ndizi za kuchemsha kwenye hotpoti na kugawia benchi zima. Aliniona natoka chooni uso umenibadilika.

"Umeona mkojo mwekundu," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Siyo damu hiyo, mwanangu. Unakojoa rozela. Kula ndizi."

Benchi zima lilicheka, na mimi nikala ndizi. Ugonjwa una huruma zake ndogo, ukizikosa zile utakufa kabla ya siku yako.

Nywele zilianguka kabla ya dozi ya pili. Zilitoka kwenye mto kama manyoya, nikamaliza kwa wembe. Vidonge walivyonipa vikanijaza uso ukawa andazi, nikawa nakula kama mchimba mtaro, na majirani wa Uyole wakawa wanasema kwa furaha kabisa, "Jamani, mama Oliva, umenawiri! Umepona!" Dada Yustina aliwajibu, "Asanteni, tunamshukuru Mungu," halafu anaingia jikoni. Kinywani kila kitu kilikuwa na ladha ya sarafu. Taya ziliniuma. Halafu, polepole, ncha za vidole zikaanza kufa ganzi. Mwanzoni nilidhani ni baridi.

Baada ya dozi ya pili niliomba nikamwone mama, nikapanda basi la Iringa. Nilitapika kuanzia Makambako, na tulipofika Nyololo konda akanishusha ili nipate hewa. Mama mmoja aliyekuwa anauza viazi vya kuchemsha aliacha ndoo yake na wateja, akanimwagia maji kichwani, akanifunga upya kilemba bila kuuliza chochote. Nilipotaka kumlipa alinipa salamu ya kwetu tu, "Kamwene, nenda, gari litakuacha." Mpaka leo nikipita Nyololo namtafuta kwa macho.

Dozi ya tatu ndiyo iliyonilaza. Homa ilipanda, kifua kikajaa, nikalazwa wodini na mpira wa oksijeni puani. Siku nyingi za wodi ile sizikumbuki. Nakumbuka daktari akimwita dada koridoni na kaka yetu Chesco akiwa amefika kutoka Iringa, na nakumbuka waliporudi wote wawili walikuwa wema kupita kiasi. Chesco alinishika mguu juu ya blanketi. Chesco hajawahi kumshika mtu mguu.

Nilipotoka wodini mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Dada alisafiri siku mbili Iringa, "kumwona mama," akarudi. Mimi nilikuwa kitandani, nimeishiwa nguvu hata ya kugeuza shingo, na daktari alikuwa ameahirisha dozi ya nne mpaka damu ipande. Ndipo simu ya fundi Lukelo ikaita.

"Dada Skola, nimesikia unaumwa, pole sana. Nimekuwekea mabaki kwenye basi, kiroba kizima. Kuna kitenge kizuri cha zambarau humo, utafurahi mwenyewe."

Mwanangu Lukelo, Mungu akubariki, hukujua unafanya nini.

Shemeji alikileta kiroba kutoka stendi, dada akiwa sokoni. Nilikifungua kwa hamu, maana kwa mtu kama mimi harufu ya vitambaa vipya ni sawa na harufu ya mvua. Kitenge cha zambarau chenye maua meupe kilikuwa kingi mno. Nguo moja haiachi mabaki kiasi kile. Nikajua ni sare. Nikaanza kuvipanga juu ya shuka bila kufikiri, kama ninavyofanya siku zote, mabega na mabega, shingo na shingo.

Kwapa pana kupita kawaida, na bega la kushoto limeshushwa kidogo. Chesco alivunjika bega hilo alipoanguka na pikipiki. Vipande vitatu vya watoto, saizi za wanawe. Kipande cha kiuno kipana chenye nyonga zilizoanza juu, hicho nilikifahamu, kwa sababu mimi mwenyewe nimemshonea dada Yustina. Gauni fupi la mgongo uliopinda, mama. Halafu kwapa jembamba, na kipande cha kifua kilichochongwa kwa mkunjo mdogo wa msichana anayeanza kukua.

Oliva. Mtu alimpima mwanangu.

Nilijaribu kila njia kuielewa vizuri ile sare. Harusi, ningeambiwa. Kipaimara, hakuna mtoto wa umri huo. Krismasi, sisi hatujawahi kushona sare ya Krismasi tangu tuzaliwe. Nikarudi kwenye vipande, nikatafuta kimoja kilichokatwa kwa mwili wangu, mwili wa zamani au huu wa sasa. Nikatafuta mpaka chini ya kiroba. Hakikuwemo.

Nilimpigia Oliva, aliyekuwa kwa bibi yake Kalenga, shule zimefungwa.

"Oliva, fundi Lukelo alikupima?"

Nikasikia anatoka nje na simu.

"Nakuuliza, mwanangu."

"Mama mkubwa alisema ni ya Krismasi."

"Na wewe uliamini?"

Nilisikia kuku wa mama wakilia nyuma yake. "Hapana, mama," akasema.

Ile sauti ndiyo iliyonimaliza, siyo saratani. Mtoto amesimama mbele ya fundi, mikono ameinua, anazungushiwa futi kifuani, anajua kila kitu, na amekaa kimya ili asiniumize.

Dada aliingia na kikombe cha uji. Aliviona vipande vimepangwa kitandani kama familia iliyosimama kupiga picha. Aliketi pembeni ya kitanda, uji mkononi.

"Hili kwapa la Chesco," nikamwambia. "Na hiki kiuno ni chako."

"Umevitoa wapi hivi?"

"Fundi kanitumia. Anajua napenda vipande."

"Yesu wangu," akasema. "Nilimwambia ni shughuli ya familia tu. Sikukumbuka kama yeye ndiye anayekupa."

"Na mimi umenishonea, dada?"

"Wewe?"

Alilisema hilo neno kwa mshangao wa kweli, kabla hajaweza kulizuia. Marehemu hashonewi sare. Tulitazamana, na wote wawili tukasikia alichosema.

Akaanza kunieleza, haraka, kama mtu anayezima moto kwa khanga. Kwamba kwenye msiba wa baba tulichekwa. Ni kweli, tulichekwa. Kitambaa kiliisha dukani katikati, wamama wakavaa kijani, watoto njano, Chesco akavaa fulana ya mpira, na watu wa Kalenga wakasema akina fulani wamezika kama wanaenda kucheza mechi ya ndondo. Kwamba aliapa haitarudiwa. Kwamba daktari aliwaambia wajiandae.

"Mlijiandaa kwa fundi," nikasema. "Wengine hujiandaa kwa rozari."

"Rozari nimesali, Skola."

"Basi toka na uji wako."

Akatoka. Siku zilizofuata nilikula alivyopika kwa sababu vidonge vilinilazimisha, lakini sikumsemesha. Alinibeba bafuni, akanisugua mgongo, akanipaka mafuta miguuni palipopasuka, na mimi nikawa natazama ukuta. Naomba nieleweke. Mkono ulioniosha matapishi ndio ulioagiza kitenge cha msiba wangu, na sikujua niuweke wapi mkono huo moyoni. Nilimpenda na nilimchukia katika bakuli moja la uji.

Siku ya dozi ya nne nilikataa kuvaa. Nilimwambia shemeji arudishe bajaji. Nikasema kama nguo zimeshashonwa, kwa nini tuwachoshe madaktari? Zivaliwe, zisije zikaliwa na nondo. Shemeji, mtu mpole, akaenda kusimama nje. Dada alikuja akaketi chini, sakafuni, mlangoni, miguu ameinyoosha kama tulivyokuwa tukikaa jikoni kwa mama tukimenya mahindi.

"Unataka nikuambie ukweli?" akasema.

"Hujawahi kuniambia, anza leo."

"Mimi ni mwoga. Watu wanadhani nina nguvu kwa sababu napanga vitu. Nikiogopa napanga. Nilisema siku ile ikifika kila kitu kiwe tayari, kibaki kulia tu, maana kulia nako sijui kama nitaweza." Alifuta pua kwa pindo la khanga. "Usipokwenda leo, Skola, utakuwa umenisaidia kuvaa lile gauni. Silitaki. Tangu liishe kushonwa sijaligusa."

Sikumsamehe. Niliinuka, nikavaa viatu, nikamwambia akae pembeni nipite. Kama umesikia watu wakishuhudia kwamba walikwenda kwenye matibabu kwa imani, mimi nilikwenda kwa hasira. Nilitaka kile kitenge kichakae kabatini.

Kwenye benchi nafasi ya Bibi Subilaga ilikuwa tupu. Nikamuuliza nesi, akasema bibi alirudishwa nyumbani Tukuyu wiki iliyopita, na akaangalia dripu yangu badala ya kuniangalia mimi. Nilijikuta namuwaza bibi, kama kwao walikuwa wamejiandaa, na kama kujiandaa kuliwapunguzia kitu. Siku ile hakuna aliyekuwa na ndizi.

Baada ya dozi hiyo vidole vilikufa ganzi kabisa. Nilishika sindano nisijue kama ipo isipokuwa kwa macho. Uzi kutunga ilikuwa haiwezekani. Nilijichoma mpaka nikaweka doa la damu kwenye paa la nyumba ya mama pichani, na sikusikia maumivu, niliona tu kitambaa chekundu. Nililia siku hiyo kuliko siku ya majibu. Kufa ningekufa mara moja, lakini kuishi bila vidole ningeishije?

Asubuhi iliyofuata niliamka nikakuta sindano zimechomekwa kwenye pazia, safu nzima, kila moja imetungwa uzi wa rangi yake. Nyeupe, zambarau, kijani, kijivu. Dada alikuwa ameshakwenda sokoni. Jioni nilikuwa nimezimaliza, kesho yake nikakuta nyingine. Nilivaa tondoo, kile kikofia cha kukinga ncha ya kidole, vidole viwili badala ya kimoja, nikajifunza kushona kwa macho, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza anayefuatisha herufi. Mishono yangu ya zamani ilikuwa midogo kama mchele. Hii mipya imepinda, ukiitazama unaona mlevi amepita.

Nilimaliza nyumba kwenye dozi ya tano. Mahindi ya Uyole yalikuwa yamefika kiunoni, na ukungu ulikuwa hautoki mpaka saa nne. Ikabaki zamu ya watu.

Kitenge cha zambarau nilikuwa nimekisukumia chini ya kitanda. Lakini sheria ni sheria. Vile vilikuwa vipande vilivyokatwa kwenye nguo zao halisi, na kila kimoja nilikijua ni cha nani. Nikavitoa. Nikamvisha Chesco kwapa lake, watoto ya kwao, mama mgongo wake. Oliva nilimvisha kile cha kifua, nikamweka mbele, mikono chini. Dada Yustina nikamweka kulia, mpana kama alivyo. Walisimama mbele ya nyumba, wamependeza, wamefanana, hakuna wa kuwacheka. Katikati yao nikashona umbo langu, kichwa bila nywele, mikono miwili. Nguo sikulivisha. Sikuwa na kipande cha sare ile kilichokatwa kwangu, na nilikataa kuvaa kingine. Likabaki la bitana nyeupe tupu.

Dada alipoleta chai aliitazama picha muda mrefu.

"Mbona wewe umevaa sanda?" akauliza.

"Siyo sanda. Sijavalishwa."

"Si uchukue kipande chochote hapo. Viko vingi."

"Siyo vyangu."

Akaondoka na birika bila kumimina chai. Dozi ya sita nilimaliza, nikapigwa picha ile ya kuingizwa kwenye mashine, tukasubiri majibu. Daktari alisema tezi zimenywea zote. Hakusema nimepona. Alisema tutakuwa tunaonana kila baada ya miezi mitatu, na kwamba ganzi ya vidole huenda ikaondoka, huenda isiondoke. Dada alikuwa amekaa kiti cha jirani, ameshika mkoba wangu. Alilia hapohapo mbele ya daktari, kwa kelele, mpaka nesi akafungua mlango. Kumbe anaweza.

Mama akataka misa ya shukrani Kalenga, mvua zikipungua. Simu ya familia ikawa ya kelele. Tuvae nini? Chesco akasema zile nguo zichomwe moto, hataki kuziona. Mama akamwambia, "Uchome kitenge kizima kizima, una akili? Kinavaliwa." Mama alikuwa anajua siku zote, hakuna Krismasi iliyomdanganya. Nami nikasema sawa, vaeni, mimi nitavaa gauni langu la bluu. Nilisema kwa sauti ya kawaida. Dada peke yake ndiye aliyeinuka akaenda jikoni.

Tulipofika Iringa, siku moja kabla ya misa, hakunipeleka moja kwa moja Kalenga. Alinishika mkono mpaka barazani kwa fundi Lukelo, akatoa mfuko, na ndani ya mfuko lilikuwemo gauni lake la zambarau. Lilikuwa limefumuliwa kiunoni. Alilifumua mwenyewe, na kwa kuwa hajui kushona alikuwa amechana pembeni mahali pawili.

"Kitambaa kimeisha madukani," akamwambia fundi. "Juu nitengenezee blauzi. Chini ni sketi yake huyu. Mpime."

Lukelo alikuwa ameshaambiwa habari nzima. Hakuniangalia usoni kwa aibu, kijana wa watu. Alichukua futi shingoni kwake, akanizungushia kiunoni, akaishusha mpaka kwenye kifundo cha mguu, wapita njia wakitazama. Tangu niugue nilikuwa nimeguswa na watu wengi. Huyu alikuwa wa kwanza kunigusa bila kutafuta uvimbe. Nikainua mikono, kama Oliva.

"Nyonga zimepungua, dada Skola," akasema. "Nikuachie nafasi? Utanenepa."

"Niachie," nikasema.

Dada ni mrefu kuliko mimi, kwa hiyo chini kulizidi. Fundi alikata ukanda mpana wa pindo, akataka kuutupia kwenye kiroba. Niliukamata kabla haujafika.

Siku ya misa dada Yustina alivaa blauzi ya sare na sketi nyeusi ya kuazima, na watu wa Kalenga, ambao hawakosi la kusema, wakasema mke wa Mnyakyusa kaishiwa kitambaa. Hakuwajibu. Ule ukanda nilikuwa nimeushona kwenye lile umbo langu jeupe pichani jana yake jioni, jikoni kwa mama, dada akinitungia uzi, na mshono umepinda kuliko yote. Picha ilipotundikwa, mama aliisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa, akatupitia mmoja mmoja kwa kidole, akitutaja kwa majina kuanzia Chesco. Aliponifikia alikwaruza sketi yangu kwa ukucha.

"Hapa umeshona vibaya," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Lakini umo."

Vidole bado havijarudi vyote, na mwezi ujao nakwenda Mbeya tena kuangaliwa. Naogopa kila safari. Lakini wewe uliye kwenye benchi leo, ukisikia ndugu zako wananong'ona kuhusu kitambaa, usigeukie ukuta kama nilivyogeuka mimi. Wanaogopa, na mtu mwenye hofu hushona chochote. Amka ukae, uwaite kwa majina, uwaambie fundi akupime na wewe.